Mwaka Tuliopanda Maharage Kiwandani

Kadi ya mwaliko ililetwa na kijana wa bodaboda asubuhi moja ya mwezi wa saba, wakati baridi ya Sumbawanga inapomfanya mtu azungumze na kikombe cha chai kabla ya kuzungumza na watu. Alinipa shikamoo bila kushuka kwenye pikipiki, akanikabidhi bahasha, akaondoka na vumbi lake. Kiwanda cha unga nilichokitumikia mpaka nikastaafu kilikuwa kinazindua maghala mapya, yale marefu ya chuma unayoyaona ukiingia mjini kwa barabara ya Tunduma, na wazee walioanza nacho walikuwa wanaitwa kukaa viti vya mbele. Nilifurahi, nisiseme uongo. Nikapiga simu ofisini kuthibitisha, na binti aliyepokea nikamuuliza, kama mtu asiyejali sana, ni nani wengine watakuja. "Wengi wametangulia, Bibi," akasema. "Ila Mama Leokadia wa Malangali yupo. Yeye ndiye wa kwanza kuthibitisha." Chai ilinishinda pale pale. Kwa zaidi ya miaka thelathini nimekuwa nikimkwepa mama huyo, tena katika mji ambao kumkwepa mtu ni kazi ngumu. Nimeingia maduka ya Majengo nisiyo na haja nayo, nimeshikashika vitenge nisivyonunua, ili yeye apite. Mama huyo hakunitendea lolote ila wema, na wema wenyewe ndio uliokuwa unanikimbiza. Kuna neno moja nilipaswa kulisema mbele ya watu nikiwa na miaka kumi na tisa, sikulisema, na yeye akaumia kwa ajili hiyo. Sasa tungekaa kiti kwa kiti, na nilijua kwamba nisipolisema safari hii sitalisema tena.

Sitawachosha na habari za ukoo wangu. Nitaanzia chumbani. Kilikuwa chumba cha matofali mabichi na bati, kimegawanywa katikati kwa ubao mwembamba, nje kidogo ya mji, pale ambapo leo kuna geti la kiwanda na mlinzi mwenye sare. Upande wa mbele nilikaa mimi, Gaudensia, karani wa kiwanja, na stuli yangu na daftari la mahudhurio ya vibarua. Upande wa pili alifanya kazi na kulala Injinia Elineema, kijana wa Upareni ambaye hata miaka thelathini hakuwa amefika, aliyekabidhiwa kujenga kiwanda kikubwa cha unga katika mkoa wetu, na ambaye tangu siku aliyoshuka kwenye lori alivaa sweta mbili, moja juu ya nyingine. Ukutani alibandika mchoro wa kiwanda. Chini ya mchoro kulikuwa na kitanda cha kamba, jiko la mafuta ya taa, na sufuria moja iliyofanya kazi zote. Alipoletewa ugali wa ulezi mara ya kwanza aliutazama muda mrefu, akaniuliza kwa upole kama umeungua. Baada ya wiki mbili alikuwa anaumaliza na mgebuka wa kukaushwa kutoka Kabwe, kule Ziwa Tanganyika, anafyonza mpaka mifupa, huku akituambia kwamba samaki wa kwao ni wazuri zaidi. Hatukumwamini.

Vijana wa leo nikiwasimulia mwaka ule wananiangalia kama ninatia chumvi. Sabuni ilikuwa ya kupanga foleni, na ikifika zamu yako imekwisha. Sukari tuliisikia redioni. Mafuta ya dizeli yakikosekana, lori lililala barabarani siku tatu na dereva akawa mwenyeji wa kijiji. Na katikati ya hali hiyo, watu waliofua nguo zao kwa majani ya mpapai walikuwa wamekaa wanapanga mahali pa kuweka mitambo. Zamani niliona ni jambo la kawaida. Siku hizi, nikilikumbuka, ninapata kama baridi mgongoni, baridi nzuri. Walikuwa na ujasiri ambao sijui tuliutoa wapi. Mahindi ya Ufipa yalikuwa yanaondoka punje kwa malori, na mengine yaliturudia unga, kwenye mifuko iliyoandikwa majina ya miji mingine. Jambo hilo lilimkera Injinia Elineema kuliko sisi wenyewe. "Gaudensia," alikuwa akiniambia huku akipuliza chai, "hivi kwa nini mfuko usiandikwe Sumbawanga? Herufi zinakosekana?" Na alikuwa na ahadi moja kwangu. Kila kiwanda kilichokuwa kinajengwa kingepeleka kijana mmoja wa pale pale Dar es Salaam kujifunza mitambo, na yeye, kwa kuwa niliweza kusoma mchoro wake ukiwa umegeuzwa, aliliandika jina langu kwenye fomu. Aliliandika kwa penseli. Wino, alisema, tutautia msingi ukishamwagwa zege.

Mwezi wa pili saruji ilikuwa bado haijaja, akaamua kuifuata mwenyewe Dar. Kabla ya kuondoka aliwakusanya vibarua, wanaume wa vijiji vya jirani, akawaelekeza kwamba udongo wa juu, ule mweusi, uondolewe kiwanja kizima. "Msiutupe," akasema. "Kusanyeni mafungu mafungu. Nikirudi nitauhamisha." Akapanda lori. Sasa, kwa asiyejua kwetu, nieleze kidogo. Mwezi wa pili, mvua zikiwa bado zipo, ndio wakati Mfipa anapopiga matuta ya duara tunayoyaita ntumba. Unakata udongo pamoja na majani yake, unapindua majani yaingie ndani yaoze, unafunika kwa udongo laini, unaviringa vizuri, unahamia hatua inayofuata. Juu unapanda maharage. Mikono ya watu wale ilikuwa imefanya hivyo mwezi huo huo kila mwaka tangu utotoni, na baba zao kabla yao. Wakiambiwa wakusanye udongo mafungu, mwezi wa pili, wakiwa na majembe mikononi, wangefanya nini kingine? Walipiga ntumba. Walizipiga kiwanja kizima, safu kwa safu, za duara, majani ndani, zimenyooka ungedhani zimepimwa kwa kamba. Nami nilipita kila asubuhi na daftari langu, nikaita majina, nikaangalia kazi, na nakumbuka kabisa niliwasifu kwa kunyoosha.

Mama Leokadia ndiye aliyekuwa anawapikia vibarua uji na makande. Alikuwa mwanamke mpana, mwenye sauti ya kuita mtu kutoka bonde la pili, na alikuwa ameahidiwa kwamba kiwanda kikifunguliwa atakuwa mkuu wa kantini, kazi ya mshahara na aproni nyeupe. Siku moja alikuja dirishani kwangu akijifuta mikono.

"Gau, haya matuta ni ya nani?"

"Ya kiwanda, Mama."

"Na yatakaa hivi hivi? Matupu?"

Alilisema neno hilo kama mtu aliyeona mtoto anatembea uchi barabarani. Nikatazama nje. Kweli, yalikuwa yanatia aibu. Udongo mweusi, umelowa, umeiva, hauna mbegu. "Injinia hajasema atarudi lini," nikajibu. "Pandeni tu." Maneno hayo ni yangu. Sikuyasema kwa kunong'ona, niliyasema kwa sauti ya ofisi, na mkono juu ya daftari. Kesho yake wanawake walikuja na mbegu kwenye vitenge, na mimi nikaomba kiganja kimoja nikapanda matuta manne yaliyokuwa karibu na dirisha langu, niwe nayaona nikiwa kazini.

Injinia alirudi mwishoni mwa mwezi wa tatu, na lori la saruji. Maharage yalikuwa yametoa maua. Alishuka, akavua miwani, akaifuta kwa sweta ya juu, akaivaa, kisha akaivua tena akaifuta kwa sweta ya ndani. "Gaudensia," akasema polepole, "kiwanda changu kiko wapi?" Leo ninacheka mpaka machozi nikimkumbuka alivyosimama. Siku ile hakuna aliyecheka. Alitembea katikati ya safu zile, akainama, akafukua tuta moja kwa mkono, akaona majani yalivyopangwa ndani. Nilimsikia akijisemea, "Na wamefanya kazi nzuri, Mungu wangu, kazi nzuri kweli." Mvua ilikuwa bado inanyesha, saruji isingeweza kusubiri kwenye unyevu ule, na maharage yalihitaji wiki nyingine kadhaa.

Kesho yake alikuja mkubwa mmoja kutoka mkoani. Waliongea upande wa pili wa ubao, na ubao ule haukuzuia hata kikohozi. Nilisikia kila neno. Mitambo, alisema mkubwa, imeshuka bandarini. Kuna mkoa mwingine ambao msingi wao umeshakauka unaisubiri. Mwezi wa nne ukiisha hapa hakujamwagwa zege, mitambo inakwenda kwao, na sisi tutaendelea kuuza punje. "Halafu nataka jina," akasema. "Nani aliyeruhusu shamba kwenye kiwanja cha serikali? Huyo hawezi kubaki hapa hata siku moja. Wala asije akaonekana kwenye orodha yoyote ya kiwanda hiki." Injinia akajibu kwamba jina atalipata kesho. Mimi nilikuwa nimeshika kalamu, nikaendelea kuishika. Kwenye kabati la upande ule, ndani ya faili la kijani, jina langu lilikuwa kwenye fomu, kwa penseli.

Asubuhi alitukusanya wote mbele ya ghala la saruji, vibarua, wanawake, na mimi pembeni yake na daftari. Aliuliza swali moja tu: nani aliyewaambia wapande? Wanaume waliangalia majembe. Nilikuwa nimevaa viatu vyekundu vya plastiki, na mpaka leo naweza kuvichora, maana ndivyo nilivyovitazama. Nilijiambia, sasa hivi nasema. Nikajiambia, akiuliza mara ya pili. Akauliza mara ya pili.

"Mimi," akasema Mama Leokadia. Alikuwa bado ameshika mwiko.

"Mama, wewe mamlaka ya kuruhusu uliyapata wapi?"

"Kwenye jembe, baba."

Watu waliguna, wengine wakaficha kicheko. Injinia alimtazama, kisha akageuza macho, nadhani bila kukusudia, kwenye matuta manne chini ya dirisha langu. Akaandika. Mchana wa siku hiyo Mama Leokadia alikuwa hana kazi, wala kantini, wala aproni nyeupe. Nami nilikuwa bado nina stuli yangu.

Mtu mwingine angejifunga kitenge chake akaenda zake. Yeye alirudi baada ya saa moja akiwa na wanawake nyuma yake, akasimama mbele ya Injinia mlangoni. "Kazini nimefukuzwa, baba, nimekubali. Maharage hayajafukuzwa. Tupe siku tatu tuyahamishe." Injinia akamwambia kwamba tuta la udongo halihamishwi likiwa na mimea yake. "Kwenu labda," akasema mama. Siku tatu zile nimezisimulia sana kwa wanangu, nikiwa nimeondoa mwanzo wake. Walikata kila tuta chini kwa makoleo, wakalisukuma zima zima juu ya ngozi ya ng'ombe, wakaliburuta mpaka ukingo wa kiwanja. Ngozi zililetwa na Masanja, Msukuma aliyehamia Ufipa na familia yake na mifugo, ambaye watu wa mjini walikuwa wanamlalamikia ng'ombe wake kila wiki. Alikuja bila kuitwa, na jozi mbili za maksai, akazifunga kwenye ngozi zile. "Mimi unga nakula," ndiyo maelezo pekee aliyotoa. Mfanyabiashara mmoja wa Majengo alileta lori lake na mabirika ya chai ya tangawizi, isiyo na sukari kwa kuwa hata yeye hakuwa nayo. Siku ya pili ukungu ulitanda tangu asubuhi mpaka mchana, na Injinia Elineema akavua sweta moja, kisha ya pili, tukaona kwa mara ya kwanza kwamba ana mabega. Alikuwa anaburuta ngozi pamoja na wanawake, na wanawake walikuwa wanamwimbia wimbo wa kumcheka kwa Kifipa. Aliniuliza unasema nini, nikamwambia wanakusifu.

Mimi sikubeba tuta hata moja. Niliandika majina ya waliobeba. Yale manne ya dirishani niliyakwepa, nikaogopa kuonekana karibu nayo, na siku ya tatu jioni nilipotazama hayakuwepo. Sikuuliza yamekwenda wapi. Nusu ya maharage yote yalikauka baada ya kuhamishwa, sitawadanganya kwamba yote yalipona. Lakini kiwanja kilikuwa wazi, msingi ukachimbwa kwa sululu, na siku za mwisho za mwezi wa nne tukamwaga zege kwa mikono, karai likitoka mkono huu kwenda mkono ule, watu wamepanga mstari kutoka rundo la kokoto mpaka shimoni. Mama Leokadia alikuwa kwenye mstari. Hakuna aliyemwajiri na hakuna aliyethubutu kumwondoa. Jioni ya zege la mwisho Injinia alifungua faili la kijani, akapitisha kalamu ya wino juu ya penseli, akanipa fomu nisaini. Nilikosea herufi ya jina langu mwenyewe, akadhani ni furaha. Ilikuwa furaha pia.

Mwezi wa sita nilipanda lori la mahindi mpaka Tunduma, na kutoka huko Dar, na niliporudi baada ya mwaka nilikuwa fundi pekee mwanamke katika jengo lililonukia rangi mbichi. Sitasahau unga wa kwanza. Ulishuka kwenye bomba ukiwa na joto kama mkate, Injinia akatia kiganja, akaulamba, akampelekea Masanja aliyekuwa amesimama mlangoni akisubiri mfuko wake. Mfuko ulikuwa umeandikwa Sumbawanga. Baada ya hapo kiwanda kiliona mengi. Kuna miaka umeme ulitusumbua tukasaga kwa jenereta. Kuna miaka mikanda ya mashine ilikosekana tukakata ya kwetu kutoka kwenye matairi ya malori, ikazunguka. Kiliwahi kufungwa, kikauzwa, kikafunguliwa tena, na kila kilipofunguliwa nilikuwa wa kwanza getini. Watu husema nchi hii ilianza mambo mengi isiyoyaweza. Waseme. Mimi nilikuwepo, niliona watu wasio na sabuni wakiburuta shamba zima kwa ngozi za ng'ombe ili mashine zipate mahali pa kusimama, na sijaona tangu wakati huo jambo lililonifanya niwapende watu wa kwetu zaidi. Aibu yangu haikuwa ya kiwanda. Ilikuwa inalima Malangali, na kila msimu ilileta magunia yake kwenye mizani yetu, ikaniulizia kwa wenzangu, "Gau hajambo?" Nami nilijificha nyuma ya mashine.

Siku ya uzinduzi kulikuwa na mahema, viti vya plastiki, na mshereheshaji kijana aliyetaka tupige makofi kwa kila kitu. Mama Leokadia alikuwa ameshakaa. Amepungua, yule mwanamke mpana, fimbo kati ya magoti, lakini sauti yake haikupungua. "Shikamoo Mama," nikasema. "Marahaba. Kumbe unatembea? Nilidhani miguu yako inajua njia ya kukimbia tu." Nikakaa. Injinia Elineema alitutoka miaka mingi iliyopita, na tulipoombwa kusimama kumkumbuka, mama alinishika mkono ili ainuke, na tulipokaa hakuuachia. Halafu mshereheshaji akaniita, fundi wa kwanza mwanamke, Bibi yetu, aje atupe neno. Nilikuwa nimeandaa hotuba kwenye karatasi. Niliiacha kitini. Nikawaambia wageni habari ya matuta na maua ya maharage, wakacheka sana, kisha nikasema: "Injinia aliuliza nani aliyeruhusu. Mama Leokadia akasema ni yeye. Hakuwa yeye. Ni mimi. Alipoteza kazi yake, mimi nikapata yangu, na sijawahi kumwambia pole." Mshereheshaji hakuomba makofi.

"Gau," akaita mama kutoka kitini, bila kipaza sauti wala haja nacho, "yaani miaka yote hii ulidhani tulipanda kwa sababu wewe uliruhusu?" Watu wakaanza kucheka. "Mbegu zilikuwa kwenye kitenge changu kabla sijafika dirishani. Nilikuuliza kwa adabu tu!" Hema zima likaangua kicheko, na mimi nikacheka huku kamasi zikinitoka, sina hata leso.

Niliporudi kukaa nilimwinamia, nikamuuliza kwa sauti ya chini kwa nini basi alisema "mimi". Alifikiri kidogo, akizungusha fimbo. "Walitaka jina," akasema. "Jina langu lilikuwa halina pa kwenda. Lako lilikuwa na safari."

Mbele yetu wakubwa walikuwa wanakata utepe, na mahindi yakaanza kumwagika ndani ya ghala la kwanza, kwa sauti ya mvua kubwa juu ya bati.

"Na yale manne yako ya dirishani," akaendelea, akinisogelea ili nisikie, "niliyahamisha mimi. Matatu yalikufa. Moja likazaa. Siku ile ulipopanda lori kwenda Dar nikayapika maharage yake, tukakaa wanawake wote, tukasema haya ni ya Gau, tule, afike salama."